Mwongozo kamili: kufikisha zege mahali ambapo lori haliingii

Malalamiko ni yale yale kila mara. Lori la zege limefika, limeshindwa mita mia na hamsini za mwisho, vibarua wamekimbizana na makarai mpaka zege likaanza kukaza, mtu akaongeza maji "ili lilainike", na baada ya wiki chache msingi unachubuka ukiukwaruza na msumari. Zege hilo lilitoka kiwandani likiwa zima. Limeharibikia kwenye kipande kifupi kuliko vyote vya safari.

Kabla ya kununua chochote, elewa jambo moja. Saa ya zege huanza kuhesabu pale maji yanapogusa saruji. Mchanga na kokoto vinaweza kukaa njiani mwezi mzima visidhurike. Zege bichi, kwenye jua kali, lipe saa moja tu tangu maji yaingie mpaka liwe limemwagwa na kushindiliwa. Kukiwa na ubaridi, dakika tisini. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinavuta upande mmoja: vikavu (saruji, mchanga na kokoto) vibebwe mbali, maji yaingie karibu na shimo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: msingi wa nyumba ndogo, mtaro wenye urefu wa mita 36, zege la upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20, na barabara inaishia mita 150 kabla ya kiwanja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Saruji, mchanga safi, kokoto na maji (kiasi tutakipiga hesabu Hatua ya 2)
- Mashine ya kuchanganyia zege. Kama haipiti, bati au ubao mpana na safi wa kuchanganyia kwa mkono
- Toroli mbili zenye matairi mazima, na ya tatu ya akiba
- Makarai, machepe, ndoo za lita 20
- Mapipa ya maji ya lita 200, yasiyopungua sita
- Sanduku la kupimia lisilo na kitako, la ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25
- Mbao nene za njia ya toroli
- Turubai, magunia, mbao za kuinulia saruji kutoka chini
- Mashine ya kutetemesha zege, au kipande cha nondo cha kushindilia
- Buti na glavu za mpira kwa kila anayegusa zege

Sanduku hilo si urembo. Linabeba lita 35 kamili, na mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo huohuo. Anayepima kwa chepe hapimi. Chepe la asubuhi na chepe la saa nane mchana, mikono ikiwa imechoka, ni vipimo viwili tofauti.

## Hatua ya 1: Tembea njia yote kwa miguu, ikiwezekana baada ya mvua

Usiulize tu kama "gari linafika". Pikapu inafika mahali pengi ambapo lori la zege litazama. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Lori lililobeba mita sita lina zaidi ya tani 14 za zege peke yake, na ukijumlisha gari lenyewe unavuka tani 25.

Andika mambo haya ukiwa unatembea: sehemu nyembamba kuliko zote, kona kali, daraja au kalavati na uzito linaoruhusu, nyaya na matawi yanayoning'inia, mahali pa kugeuzia gari, na pale udongo unapobonyea. Kwa udongo, chukua nondo ya milimita 12 uichomeke kwa uzito wa mwili wako. Ikizama kirahisi, tairi la lori nalo litazama.

Angalia pia ukingo wa shimo. Gari lisisogelee mtaro kwa umbali mdogo kuliko kina cha mtaro. Shimo la mita moja na nusu, gari likae mita moja na nusu au zaidi. Kingo huporomoka bila kutoa taarifa.

Ukimaliza vizuri utakuwa na mchoro wa mkono unaoonyesha alama moja muhimu: hapa ndipo gari la mwisho linaishia. Kutoka alama hiyo mpaka shimoni ndiko kazi yako iliko.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo, si ya zege tu

Mtaro wetu: 36 × 0.6 × 0.2 ni mita za ujazo 4.32. Ongeza asilimia 10 kwa kumwagika na mtaro usionyooka, unapata 4.75.

Kwa mchanganyiko wa kawaida wa msingi, 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), kila mita moja ya ujazo hula takriban mifuko 6.4 ya saruji, mchanga mita 0.44 na kokoto mita 0.88. Maji ni lita 25 kwa mfuko. (Kwa nguzo, mihimili na sakafu za juu fuata kipimo cha mhandisi wako, si cha makala.) Mfano wetu basi unahitaji:

- Saruji: mifuko 31
- Mchanga: mita 2.1, agiza 2.3 kwa sababu utapotea chini na njiani
- Kokoto: mita 4.2, agiza 4.6
- Maji ya kuchanganyia: lita 775, na angalau mapipa mawili zaidi ya kuoshea vyombo

Sasa geuza hesabu hiyo iwe safari za mtu. Ndoo ya lita 20 ya mchanga au kokoto ni kilo 30 na kitu. Mchanga ni ndoo 115, kokoto 230, maji ya kuchanganyia 39, saruji mizigo 31. Jumla ni mizigo 415 hivi kuvuka mita 150. Ukiiona namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi, hutathubutu tena kusema "vijana watano watamaliza asubuhi".

## Hatua ya 3: Amua zege litachanganywa wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, na kosa lenyewe ni la hesabu za darasa la nne.

Toroli moja hubeba lita 40 za zege bila kumwaga njiani. Hiyo ni karibu kilo 96, na anayekuambia anabeba lita 60 muombe abebe mbele yako mara ishirini. Kwenda mita 150 na kurudi, pamoja na kujaza na kumwaga, ni kama dakika sita. Kwa hiyo toroli moja hupeleka lita 400 kwa saa.

Lori likikuletea mita 4.75 barabarani, na zege lake limeshatumia nusu saa au zaidi njiani, hata kukiwa na ubaridi una takriban saa moja tu kulimaliza. Utahitaji toroli kumi na mbili zisizosimama hata dakika, na watu wengine shimoni wa kutandaza na kushindilia. Nani anazo?

Geuza mambo. Mashine iwe kiwanjani, mita 30 au pungufu kutoka mtaroni. Mfuko mmoja wa saruji hutoa lita 156 za zege, yaani toroli nne. Mashine ikitoa mchanganyo mmoja kila dakika sita, ni mita 1.56 kwa saa. Kwa umbali huo mfupi toroli moja hupeleka lita 800 kwa saa, kwa hiyo toroli mbili zinatosha kabisa. Kazi yote ni saa tatu na kidogo, panga nne. Kila mchanganyo unaingia mtaroni ukiwa na umri wa dakika kumi.

Lori la kiwandani bado lina nafasi yake: kazi ni kubwa, ni lazima imwagwe kwa mkupuo mmoja, na kuna pampu au trela la trekta la kumalizia safari. Ukilitumia, eleza kiwandani umbali halisi uombe dawa ya kuchelewesha kuganda iwekwe huko huko kwa kipimo chao. Agiza mizigo miwili midogo iliyopishana badala ya mmoja mkubwa. Trela likipita kwenye mashimo, kokoto huzama na uji wa saruji hupanda juu, kwa hiyo mwaga kwenye bati na ugeuze kwa chepe kabla ya kutumia.

Niliwahi kuona lori limezama ekseli nzima likiwa na mzigo kamili. Dereva hakuwa na la kufanya ila kumwaga zege kando ya njia ili lisigandie ndani ya ngoma, lile pipa linalozunguka mgongoni mwa lori. Lile rundo liko pale pale mpaka leo, gumu kama jabali, na ng'ombe hujikunia hapo.

## Hatua ya 4: Sogeza vikavu siku kadhaa kabla

Usichanganye siku ya kubeba na siku ya kumwaga. Waliochoka kwa kubeba kokoto asubuhi ndio wanaoongeza maji mchana.

Anza na kokoto, kisha mchanga, saruji iwe ya mwisho. Mchanga na kokoto vitandikiwe turubai au bati chini, la sivyo chepe litachota na udongo. Mchanga wa pwani wenye chumvi uuache huko huko, chumvi hula nondo. Maji nayo yawe ya kunyweka.

Saruji ndiyo dhaifu. Iinue sentimita 15 kutoka ardhini, iwe mbali na ukuta, ifunikwe juu na pembeni, na usipange zaidi ya mifuko kumi kwenda juu. Ukikuta mabonge yasiyosagika kati ya vidole, mfuko huo usiingie kwenye zege.

Hatua hii imefanikiwa pale jioni ya mwisho unapoweza kusimama kwenye kituo cha kuchanganyia ukaona kila kitu kwa macho, mapipa yamejaa, na hakuna mtu anayesema "kile kingine kinakuja kesho asubuhi".

## Hatua ya 5: Andaa kituo na njia ya toroli

Kama kiwanja kina mteremko, kituo kikae upande wa juu, shimo likiwa chini yake. Vikavu vipande mlima vikiwa na siku nyingi za kupanda, zege literemke likiwa na dakika chache za kuishi.

Tandika mbao zenye upana wa sentimita 60 au zaidi kwenye njia yote, na usiruhusu mwinuko unaozidi mita moja kwa kila mita kumi. Tengeneza njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Toroli zikikutana kwenye ubao mmoja, moja itaanguka, na itakuwa ile iliyojaa. Mwisho wa njia, pale mtaroni, pigilia gogo la kuzuia tairi lisitumbukie.

Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu hulipuuza: pitisha toroli moja iliyojaa mchanga mbichi kutoka kituoni mpaka mwisho wa mtaro. Ubao unaoyumba utajulikana leo badala ya kesho.

## Hatua ya 6: Changanya kwa kipimo kimoja, mwanzo hadi mwisho

Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Hizo ni lita 245 za vikavu. Mashine nyingi ndogo hazimezi kiasi hicho. Kama yako ni ndogo, fanya nusu ya kila kitu, na mfuko ugawanywe kwa mizani au kwa nusu ya sanduku, si kwa makisio.

Tia sehemu ya maji kwanza na kokoto, zisugue ngoma. Fuata saruji na mchanga, kisha malizia maji taratibu. Acha izunguke dakika mbili au zaidi baada ya kila kitu kuingia, mpaka rangi iwe moja.

Mchanga uliolowa tayari umebeba maji, kwa hiyo lita 25 ni kikomo cha juu, si lengo. Anza na 20 uongeze kidogo kidogo. Mchanga wenye unyevu pia huvimba na kudanganya sanduku, ndiyo maana nashauri ufunikwe usiku.

Kujua kama ni sawa, finyanga konzi ya zege ukiwa na glavu. Libaki na umbo, kiganja kilowe bila kuchuruzika. Likikatika ni kavu. Likipita kati ya vidole, lina maji mengi, na maji mengi si kosa dogo: kutoka lita 25 hadi 35 kwa mfuko unapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu ya zege. Hutaona tofauti siku hiyo.

Mashine ikifa katikati, hamia kwenye bati. Geuza mchanga na saruji vikavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ongeza kokoto, geuza tena, ndipo maji. Ongeza saruji kwa asilimia 10 kwa sababu mkono hauchanganyi kama ngoma.

## Hatua ya 7: Zege liende bila kusimama

Tambarare. Toroli, kama tulivyopanga. Msukumaji asikimbie. Mtikisiko hutenga kokoto na uji.

Mteremko. Mlizamu wa bati, yaani mfereji wa kuteremshia zege, unasaidia sana, ila uwe na mwinamo wa mita moja kwa kila mita mbili au tatu. Ukiwa mkali zaidi, kokoto hutangulia na uji hubaki nyuma. Weka sahani ya bati chini ugeuze zege kabla ya kulitupa mtaroni, na popote lisidondoke kutoka zaidi ya mita moja na nusu.

Mlima. Pangeni mstari wa makarai. Karai la lita nane ni kilo 20 hivi, zaidi ya hapo mgongo hauvumilii saa tatu. Mtu mmoja kila mita moja na nusu, kwa hiyo mita 30 ni watu 20, bila kuhesabu wanaorudisha makarai matupu. Kama huna watu hao, usianze. Panda na vikavu, changanya juu.

Pampu ya mabomba. Kwa zege dogo kama la mfano wetu haifai. Bomba la milimita 100 hubaki na karibu lita nane kila mita, hivyo mita 100 za bomba hushika karibu mita 0.8 ya ujazo, sawa na sehemu moja kati ya sita ya kazi yetu yote. Kwa kazi kubwa ni mkombozi. Kokoto isizidi theluthi ya upana wa bomba, bomba litelezeshwe kwanza kwa uji wa saruji (uji huo umwagwe nje, si kwenye msingi), na lifunikwe magunia mabichi kwenye jua. Likiziba, hakuna kufungua kiungo kabla pampu haijarudishwa nyuma na presha kuisha. Bomba lenye presha linaua.

Kwa njia yoyote utakayotumia, mpe mtu mmoja saa. Kazi yake ni kusema kila mchanganyo umetoka saa ngapi. Zege lililopitisha saa moja juani, hata kama linaonekana laini, litumike kujazia shimo la njia. Kulirudishia uhai kwa maji ni kujidanganya.

## Hatua ya 8: Mwaga, shindilia, na ujue mahali pa kusimama

Lowesha mtaro kabla, bila kuacha madimbwi. Anza mwisho ulio mbali kabisa na kituo ukirudi nyuma, ili toroli zisipite juu ya zege. Tandaza, kisha shindilia mara moja. Nondo ishuke mpaka chini, ipande, ihamie pembeni kidogo. Mapovu yakikoma na uso ukaanza kung'aa kwa uji, songa mbele. Kwenye zege nene, fanya tabaka zisizozidi sentimita 30.

Chagua tangu jana mahali pa kusimama kama mvua ikinyesha au watu wakichoka. Kwenye msingi, iwe katikati ya sehemu iliyonyooka, kamwe si kwenye kona. Simamisha ubao wima na umalizie hapo kwa uso ulionyooka. Kuacha zege likiwa limelala kama mteremko wa mchanga ndiko kunakoleta ufa. Ukirudi, sugua uso huo kwa brashi ya waya, osha, lowesha, paka uji wa saruji, endelea.

Zege bichi huunguza ngozi polepole, na mtu hushtuka jioni. Asipige magoti ndani yake, na likiingia kwenye buti avue aoshe papo hapo.

## Hatua ya 9: Maji ya siku saba

Mahali ambapo gari haliingii, maji nayo hayaji yenyewe. Watu huhesabu maji ya kuchanganyia na kusahau ya kumwagilia, kisha siku ya tatu kila mtu ameshaondoka. Funika kwa magunia yaliyolowa au turubai mara tu uso unapokuwa mgumu kuguswa, na uyaweke mabichi siku saba. Mlipe mtu mmoja abaki na mapipa yajazwe upya.

Siku ya nane kwaruza uso kwa msumari. Ukiacha mstari mweupe tu, endelea kujenga. Ukichimbua unga, simamisha kazi umwite mhandisi kabla tofali la kwanza halijakaa juu yake.